Kiwanja kinashuka kuelekea baharini, SketchUp inanitolea genge nyuma ya nyumba

Mchoraji_Sahare

Assalaam aleykum ndugu zangu, na habari za majukumu kwa wote.

Nipo Tanga, maeneo ya Sahare. Nimepewa kazi ya kuchora bustani ya nyumba ya wageni inayojengwa upande wa baharini. Kiwanja ni mita 30 kwa 40. Upande wa barabara uko juu, halafu ardhi inashuka taratibu mpaka ukuta wa nyuma. Mwenye nyumba anasema tofauti ni urefu wa mtu na zaidi kidogo. Nyumba yenyewe ni mita 12 kwa 14, na hizo 14 zimelala kufuata mteremko.

Nachora kwa SketchUp, programu ya michoro ya kompyuta. Majengo nachora bila shida, ardhi ndiyo inanishinda. Nimetandaza wavu wa miraba kwa zana za Sandbox, nikavuta juu na chini kwa Smoove mpaka ukafanana na kiwanja. Kisha nikaiweka nyumba kwa Stamp, zana inayokandamiza jukwaa bapa la nyumba kwenye ardhi. Mbele inakaa vizuri, ila nyuma linatokea genge: udongo umesimama karibu wima, na pembetatu zimechongoka pande zote. Nikijaribu kulainisha kwa Smoove, jukwaa la nyumba nalo linapinda.

Mteja anataka picha kabla ya masika kwa sababu kifusi anataka kimwagwe mapema. Pia anataka mgeni mwenye kiti cha magurudumu aweze kutoka baraza ya nyuma mpaka kwenye nyasi. Nianzie wapi?

Ramani_Chap

Dada usijisumbue. Tumia Add Location, kata eneo la kiwanja, programu inaleta picha ya satelaiti pamoja na miinuko yake. Kazi zangu zote za huku Dodoma naanza hivyo.

Mzee_wa_Leveli

Waaleykum salaam mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla lori la kifusi halijafika.

Nianze na huo "urefu wa mtu na zaidi kidogo", maana shida yako inaanzia hapo, kabla hata kompyuta haijawashwa. Ukivuta ardhi kwa Smoove mpaka ifanane, umechora kile jicho linachokumbuka. Mvua ya masika haijali jicho lilikumbuka nini. Sentimita 10 zinatosha kuyageuza maji yaende mlangoni badala ya bustanini, na sentimita 10 hakuna anayeziona kwa kusimama barabarani.

Ndugu yangu Ramani_Chap, kwa vilima na mashamba makubwa sikupingi hata kidogo. Kwa kiwanja hiki njia hiyo haifai. Data ya bure ya miinuko inayojulikana kuliko zote, SRTM, ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, kwa siku 11, na inatoa kimo kimoja kwa kila mraba wa mita 30 hivi. Mita 30 kwa 40 ni mraba mmoja na theluthi. Tena penye miti mingi rada ile haifiki chini vizuri, inarudishwa na majani na mapaa. Kwa pwani yetu yenye minazi na miembe, unapewa kimo kilichochanganya udongo na miti. Kwa kuonyesha bahari iko wapi na barabara iko wapi inatosha. Kwa kuamua maji yaende wapi, hapana.

Kama hamna leveli ya mpimaji, chukueni mpira wa maji, ule mwembamba unaoona ndani. Ujazeni polepole kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, kisha uupitie wote kwa macho, mkono kwa mkono, ukiugonga kwa kidole mpaka viputo vyote vitoke. Kiputo kimoja kilichojificha katikati kinaharibu vipimo vya asubuhi nzima. Usiuache nusu juani na nusu kivulini, maji yaliyopata joto yanapanda zaidi upande wake. Tafuteni kitu ambacho hakitahama, kwa mfano kichwa cha karavati la barabarani, mkiite 10.00. Mmoja anashika ncha hapo, mwingine anatembea na ncha ya pili iliyofungwa kwenye fimbo yenye tepu. Subirini maji yatulie kabisa ndipo msome, nyote wawili mkisoma chini ya mkunjo wa maji. Pigeni vigingi kila mita 5 kwa kamba, mtapata vipimo 63. Mpira ukiwa mfupi, hamisheni alama katikati ya kiwanja, ila mkimaliza mrudi kuhakiki alama ya kwanza.

Na kila kigingi, pigilia nondo kidogo ardhini usikie. Ukanda huu wa Tanga jiwe la matumbawe mara nyingi liko karibu sana na uso. Penye jiwe usichore mfereji, vijana wa kuchimba watakuja kukuacha hapo hapo.

Ukishapata namba, ule wavu uliouvuta kwa Smoove ufute. Chora mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, kwa tofauti ya sentimita 20, kila mstari uuinue kwenye kimo chake, uichague yote na utumie From Contours. Programu inaunganisha mistari kwa pembetatu. Mambo mawili yatakusumbua. La kwanza, itajaza pembetatu hata nje ya mpaka wako, hizo zifute. La pili, penye kona kali ya kontua itatokea pembetatu bapa, kwa sababu ncha zake tatu zote ziko kwenye mstari mmoja wenye kimo kimoja. Washa Hidden Geometry uzione, kisha utumie Flip Edge kugeuza ule ulalo, au urudi uongeze mstari mmoja unaopita kwenye uti wa mwinuko au katikati ya bonde. Mstari wa kontua usiuchore kwa mkono huru wenye vinundu mia. Kila nundu ni pembetatu nyingine, na kompyuta itaanza kuhema.

Sasa hilo genge. Kabla Stamp haijagusa ardhi, inakuomba namba moja: umbali wa kuzunguka jukwaa. Wengi wanaipita. Namba hiyo ndiyo upana wa mteremko wako. Ukiiacha nusu mita na jukwaa likawa juu ya ardhi kwa karibu mita moja, umeagiza genge, na programu imekupa ulichoagiza. Kapime kwanza, uniletee namba, tutalikokotoa pamoja.

Mchoraji_Sahare

Shikamoo mzee. Tumepima leo na kaka yangu. Kwa karavati 10.00, ukingo wa barabarani wa kiwanja ni 9.90 na ukingo wa nyuma ni 7.50. Unashuka kwa usawa, hakuna bonde. Nyumba inaanza mita 10 kutoka ukingo wa barabarani. Jukwaa nililiweka sawa na ardhi ya mbele ya nyumba, na ile namba ya Stamp ilikuwa 0.5. Nondo imegonga jiwe kwenye kona ya nyuma kushoto tu.

Mzee_wa_Leveli

Marahaba mwanangu. Kazi safi, sasa tunazungumza kitu kinachoshikika.

Mita 2.40 kwa mita 40 ni asilimia 6. Mbele ya nyumba ardhi iko 9.30, nyuma yake 8.46. Tofauti ni 0.84. Umeliweka jukwaa 9.30, kwa hiyo nyuma linaning'inia sentimita 84, na umeliachia nusu mita tu ya kushuka. Hiyo ni karibu nyuzi 60. Mchanga mkavu ukiumwaga ovyo unasimama kwenye nyuzi thelathini na kitu, hauendi zaidi. Picha yako isingejengeka hata na fundi bora wa Tanga nzima.

Mteremko wa nyasi unaoweza kukatwa kwa mashine na usiokimbia na mvua, mimi siuzidishi 1 kwa 3: ushuke mita 1, uende mita 3. Wengi watakwambia basi zidisha 0.84 mara 3, andika 2.52. Haitoshi, kwa sababu unapokwenda nje ardhi nayo inaendelea kushuka kwa asilimia 6 na mteremko wako unaikimbiza. Gawanya 0.84 kwa tofauti ya miinamo miwili, yaani 0.333 kutoa 0.06. Unapata mita 3.1. Andika hiyo kwenye Stamp, genge limekwisha.

Lakini usiishie hapo, maana Stamp haijui maji. Jukwaa likikaa 9.30, ardhi yote kutoka barabarani inateremka moja kwa moja mpaka ukuta wa mbele wa nyumba. Wageni watalala vizuri Januari, Aprili watakanyaga maji mlangoni. Hili ndilo linaloniuma katika michoro mingi inayopita hapa mjini. Nyumba inapendeza, bustani imejaa maua, na hakuna aliyeyauliza maji yanataka kupita wapi.

Lishushe jukwaa mpaka 9.00. Mbele unachimba sentimita 30, nyuma unajaza sentimita 54. Kisha mbele ya ukuta ardhi iendelee kushuka kwa kwenda mbali na nyumba: asilimia 5 kwa mita 3, yaani sentimita 15, unafika 8.85. Hapo ndipo kitovu cha mfereji mpana wa nyasi. Kutoka kwenye mfereji unapanda tena kwa 1 kwa 3 mpaka ukutane na ardhi ya asili, mita 2.3 hivi mbele zaidi. Una mita 10, nafasi ipo tele. Nyuma, mteremko wa kujaza utakula mita 2 tu.

Hii huwezi kuifanya kwa Stamp, kwa sababu Stamp inazungusha upana mmoja pande zote. Nakili kontua zako za asili kwenye kundi jipya, uzikate na uzichore upya zilivyo baada ya kazi. Penye mfereji kontua inapinda kuelekea juu ya mteremko, penye kifusi inapinda kuelekea chini. Ukiona kontua ya mfereji imepinda kuelekea baharini, umechora tuta badala ya mfereji. Halafu From Contours tena. Sasa una ardhi mbili, ya asili na mpya. Smoove usiigeuzie tena jukwaani, inavuta kila kilicho ndani ya duara lake. Ukitaka kulainisha kona, chagua kwanza pembetatu za nje, ndipo uivute.

Kila moja ya ardhi hizo ishushie kingo mpaka kimo kimoja cha chini, uifunge chini iwe kitu kizima, na Entity Info itakuonyesha ujazo wake. Toa mmoja kwa mwingine. Kwa hesabu ya mkono, ukiacha pembeni mwa nyumba, napata kuchimba mita za ujazo 34 na kujaza 36. Ulivyoweka wewe ilikuwa ni kujaza tu, kila lori la kununua. Mwambie mteja hilo kabla hujamwonyesha maua. Kifusi kikishindiliwa kinapungua, kwa hiyo ongeza kidogo. Na kishindiliwe kwa tabaka la sentimita 15 mpaka 20, kisimwagwe chote mara moja. Udongo mweusi wa juu utengwe pembeni, urudishwe mwisho kwa ajili ya nyasi.

Neno moja la nje ya bustani: nusu ya nyuma ya nyumba itakuwa juu ya kijazio. Msingi uvuke kijazio ukakae kwenye udongo wa asili, na mhandisi wake aione michoro yako.

MamaUkoka_Kaole

Mzee umenena. Mimi nina kitalu Bagamoyo, upande wa Kaole, niongeze la mimea.

Hiyo 1 kwa 3 ni ya udongo uliovaa. Huku kwetu mchanga mtupu ukiachwa bila kitu, mvua ya kwanza tu inauchana mifereji. Dada, kwenye ule mteremko wa nyuma panga ukoka wa vipande vilivyoshonana, usipande kwa vichipukizi vya kutawanya, havitawahi kushika kabla ya masika. Juu kabisa, pale jukwaa linapoanza kushuka, panda mstari mmoja wa nyasi ya vetiva kwa kufuata kontua, shina kwa shina, sentimita 10 mpaka 15. Mizizi yake inakwenda chini wima, inaweza kufika mita 3, haitambai kwenye baraza. Mistari hiyo kwenye SketchUp uichore kwa Drape: unachora juu hewani, inaangukia kwenye ardhi yenyewe na kufuata umbo lake. Mimi wachoraji wakinipa michoro ya aina hiyo nahesabu miche moja kwa moja bila kwenda na kamba.

La pili, uko upande wa bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haitaki shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kabla ya kujaza kifusi, jua ukuta huo wa nyuma uko umbali gani.

Bikoni_37

Mimi ni msaidizi wa upimaji. Dada, ukipewa na mpimaji faili ya bikoni, usiiingize SketchUp ilivyo. Tanga namba za UTM (mfumo wa ramani wa kutaja mahali kwa mita) kanda ya 37 kusini ni kama 511,000 mashariki na 9,439,000 kaskazini. Ukichora mbali hivyo na chanzo cha mihimili, yaani sifuri ya mchoro, SketchUp inaanza kutetemesha mistari na nyuso zinakataa kufunga. Huenda baadhi ya zile pembetatu ulizoziona zimechongoka zimetokana na hilo. Punguza namba ile ile ya mviringo kwenye bikoni zote, moja ya mashariki na moja ya kaskazini, kona ya kiwanja ikae karibu na sifuri, na uiandike pembeni ya mchoro.

Halafu angalia ramani ya hati inatumia mfumo gani wa kutaja mahali. Za zamani nyingi ni Arc 1960, simu yako inasoma WGS84. Ukichanganya, kiwanja kinahama takribani mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Kwa hiyo mita 60 za Mama Ukoka usizipime mpaka uwe na uhakika na hili.

Mchoraji_Sahare

Nashukuruni mno wote. Ukuta wa nyuma tumeupima kwa tepu mpaka alama ya maji makuu, tuko nje ya mita 60. Faili ya bikoni kweli niliiingiza ilivyo. Nimeisogeza, na nyuso sasa zinafunga.

Ardhi mpya imekaa vizuri, ujazo unakaribiana na wa mzee. Imebaki rampu. Sakafu ya baraza iko sentimita 45 juu ya jukwaa, yaani 9.45. Nimechora rampu ya 1 kwa 12 kutoka barazani moja kwa moja kuelekea baharini, lakini hata nikiirefusha vipi haigusi nyasi, na kiwanja kinaisha.

Mzee_wa_Leveli

Haiwezi kugusa, mwanangu. Rampu yako inashuka asilimia 8.3, ardhi inashuka asilimia 6 kuelekea huko huko. Kila mita unayokwenda unaikaribia kwa sentimita 2 na kitu tu. Ungevuka ukuta wa nyuma kabla ya kuigusa.

Igeuze. Kutoka kona ya baraza irudi nyuma kuelekea barabarani, ikiambaa na ukuta wa pembeni wa nyumba, upande wa kulia, mbali na lile jiwe. Sentimita 45 mara 12 ni mita 5.4, umefika kimo cha jukwaa, 9.00. Endelea sawa bila kushuka mita 3.6 nyingine. Sasa uko mita 9 kutoka nyuma ya nyumba, na ukiangalia vipimo vyako, hapo ndipo ardhi ya asili yenyewe iko 9.00. Hakuna ukuta, hakuna kujaza. Mgeni anageuka pembeni anaingia kwenye nyasi, na kutoka hapo asilimia 6 ya ardhi ni nafuu kuliko rampu, mradi njia iwe ngumu, ya vitofali au changarawe iliyoshindiliwa. Juu na chini ya rampu acha kituo bapa cha mita 1.5 cha kupumzikia na kugeuzia kiti.

Hilo linaugusa mfereji. Usigawanye maji pande mbili, yatakatiza njia ya mgeni. Anzia 8.85 kwenye kona ya upande wa rampu, uupeleke mfereji wote kushoto kwa asilimia 1. Mita 18 baadaye uko 8.67, hapo ukunje ufuate ubavu wa kushoto wa nyumba kwa asilimia hiyo hiyo. Ardhi inashuka kasi kuliko mfereji, kwa hiyo utaibuka wenyewe juu ya nyasi baada ya mita 16, karibu na usawa wa ukuta wa nyuma wa nyumba. Pale mdomoni tandaza mawe ya ukubwa wa ngumi, maji yatawanyike kabla ya kufika kwenye ile kona ya jiwe. Udongo utakaozidi kuchimba kwenye mfereji ndio ule wa kufidia kushindilia.

Mama Ukoka, mistari ya vetiva ikwepe mdomo wa mfereji, au uiruhusu ipite?

MamaUkoka_Kaole

Ipite, mzee, lakini chini ya mawe, si juu yake. Mstari mmoja uliopinda kidogo, ncha zake zikitazama juu, mita 2 kutoka mawe yanapoishia. Yale maji yatapungua kasi na mchanga utabaki hapo. Dada, ukishadrapisha nitumie picha ya juu nikuhesabie miche.